Adhabu ya kunyongwa katika Nyanda za Juu za Kusini

Adhabu ya kunyongwa ndiyo njia pekee ya kutekeleza adhabu ya kifo inayotajwa na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara. Katika Nyanda za Juu za Kusini, hasa mikoa ya Mbeya na Iringa, njia hiyo ilianza kutumiwa na dola wakati wa utawala wa Wajerumani, ikaandikwa katika sheria na Waingereza, na ikarithiwa na nchi huru. Hakuna mtu aliyenyongwa kisheria nchini tangu katikati ya miaka ya 1990. Hata hivyo majaji wa Mahakama Kuu wanaoketi Mbeya na Iringa wanaendelea kuitamka hukumu hiyo, kwa sababu kwa kosa la kuua kwa kukusudia sheria haikuwaachia adhabu nyingine ya kuchagua.

Jina

Kitenzi "kunyonga" humaanisha kukaba shingo mpaka pumzi ikatike, kwa mikono au kwa kamba. Katika lugha ya mahakama na magazeti ya Tanzania hutumika maneno "kunyongwa hadi kufa". Maneno "hadi kufa" yanaweza kuonekana ya ziada, lakini yana kazi yake: hukumu haitimii kwa kumtundika mtu tu, bali kwa kifo chenyewe kuthibitishwa. Kamba iliyofungwa kwa namna ya kujikaza huitwa kitanzi, na neno hilo limeacha alama kwenye ramani ya mji wa Iringa, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kabla ya ukoloni

Kabla ya Wajerumani kufika, makabila ya nyanda hizi hayakuwa na magereza. Kosa la kuua lilimalizwa kwa fidia ya ng'ombe kwa ukoo wa marehemu, kwa kisasi, au kwa uamuzi wa mtawala. Mtemi mwenye nguvu kama Mkwawa wa Wahehe alikuwa na mamlaka juu ya uhai wa watu wake. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela mtu aliyeshukiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, dawa ya kiapo iliyoitwa umwafi katika lugha yao. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Mwavi haukuwa adhabu bali namna ya kutafuta ukweli, ingawa serikali za kikoloni ziliupiga marufuku kwa hoja kwamba unaua. Tofauti hii ni muhimu, maana vitabu vingine huuweka mwavi katika orodha moja na kitanzi.

Utawala wa Wajerumani

Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda Emil von Zelewski akauawa. Wajerumani walirudi na kuteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi mahali ulipo mji wa Iringa leo. Mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe chini yao. Hakudumu. Mwanzoni mwa 1897 alituhumiwa kumsaidia kaka yake kwa siri, akauawa kwa amri yao. Mkwawa mwenyewe hakuwapa nafasi ya kumtia mikononi. Alijipiga risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898.

Sheria waliyoitumia ilikuwa amri ya Chansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 kuhusu mashtaka ya jinai dhidi ya wenyeji. Adhabu zilizoruhusiwa zilikuwa viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, minyororo na kifo. Hukumu ya kifo ilipaswa kuthibitishwa na gavana, lakini wakati wa vita maofisa wa kijeshi waliitekeleza papo hapo. Kwa nyanda za kusini "wakati wa vita" ulichukua miaka mingi.

Mtaa wa Kitanzini, ambao sasa ni kata katikati ya Manispaa ya Iringa, unakumbusha kipindi hicho. Simulizi za mjini husema kwamba hapo ndipo Wajerumani waliponyongea watu mbele ya umati, na jina lenyewe linaunga mkono simulizi hiyo: kitanzini, yaani mahali penye kitanzi. Leo ni mtaa wa maduka na shughuli za kila siku. Wapita njia wengi hulitamka jina lake bila kulifikiria.

Kitendo kikubwa zaidi cha kunyonga watu katika ukanda wa kusini kilifanyika Songea wakati wa Vita vya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga kwa siku moja viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, na Nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kwenye makumbusho ya Maji Maji mjini Songea. Kunyongwa hadharani kulikuwa na lengo la kuwatisha watazamaji. Kwa sababu hiyo miti na viunzi vya kunyongea vilijengwa karibu na boma au soko, mahali ambapo watu hawangeweza kukwepa kuviona.

Waingereza na Kanuni ya Adhabu

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza. Mwanzoni ilitumika sheria ya jinai ya India, na mwaka 1930 ikatungwa Kanuni ya Adhabu ambayo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika hadi leo kama Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Mabadiliko mawili yalikuwa makubwa. Kwanza, hukumu ya kifo ilihamia Mahakama Kuu, ikiwa na haki ya rufaa. Pili, kunyongwa kuliondolewa hadharani na kufungiwa ndani ya kuta za gereza.

Waingereza walikuja pia na ufundi wao. Zamani, Ulaya na kwingineko, mtu alitundikwa na kuachwa afe taratibu kwa kukosa hewa. Katika miaka ya 1870 mnyongaji Mwingereza William Marwood alieneza utaratibu wa kumwangusha mfungwa kupitia mlango wa sakafuni, umbali ukipimwa kulingana na uzito wake, ili shingo ivunjike mara moja. Serikali ya Uingereza baadaye iliandaa majedwali ya vipimo, na makoloni yakayafuata. Nadharia ni kwamba kifo huwa cha papo hapo. Kwa vitendo hesabu hukosewa: mwanguko mfupi mno humwacha mtu akikabwa kwa dakika kadhaa, na mrefu mno huweza kutenganisha kichwa na kiwiliwili. Jambo hilo ndilo lililokuja kubishaniwa katika mahakama za Tanzania miaka ya 1990.

Sheria ilivyo sasa

Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kwamba anayehukumiwa kifo atakufa kwa kunyongwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inarudia agizo hilo na kumtaka jaji alitamke katika hukumu yake. Kwa hiyo jaji wa Tanzania hana mamlaka ya kuchagua njia, wala hapangi siku.

Makosa makuu ya kiraia yenye adhabu hiyo ni mawili, na hayafanani. Kuua kwa kukusudia kunaangukia kifungu cha 196, na kifungu cha 197 kinasema atakayetiwa hatiani lazima ahukumiwe kifo. Uhaini, kwa upande mwingine, unamfanya mkosaji astahili kuhukumiwa kifo, na jaji anaweza kutoa adhabu ndogo zaidi. Ndiyo maana waliotiwa hatiani mwaka 1985 kwa njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu Nyerere walipewa kifungo cha maisha, wakati mkulima aliyemuua jirani yake kwa kukusudia hawezi kupewa adhabu hiyo hata jaji akimhurumia. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 nayo ina makosa ya kijeshi yenye adhabu ya kifo.

Kuna watu wasionyongwa. Aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo, bali huwekwa kizuizini kwa muda atakaoamua Rais. Mwanamke atakayethibitika kuwa mjamzito hupewa kifungo cha maisha badala ya kifo.

Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake, lakini nayo imebaki na kitanzi.

Kutoka kijijini hadi Ikulu

Kesi ya mauaji inayoanzia, tuseme, Chunya au Kilolo hupitia hatua nyingi. Mshtakiwa hufikishwa kwanza mahakama ya wilaya, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Kosa la mauaji halina dhamana, hivyo hukaa mahabusu mpaka upelelezi ukamilike na jalada lihamishiwe Mahakama Kuu. Miaka inaweza kupita katika hatua hiyo peke yake. Mahakama Kuu ina masijala Mbeya na Iringa, na husikiliza kesi za mauaji kwa vikao maalumu. Asiye na uwezo wa kulipa wakili huteuliwa mmoja kwa gharama za serikali. Kwa muda mrefu jaji aliketi pamoja na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni yao lakini hawakumfunga jaji.

Hatia ikithibitika, mshtakiwa huulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Katika makosa mengine hapo ndipo wakili hueleza kuhusu watoto, ugonjwa, au kwamba mteja wake hajawahi kukosa. Katika mauaji maelezo hayo hayabadilishi chochote, kwa kuwa adhabu ni moja. Mawakili wengi huyasema hata hivyo, yaingie kwenye kumbukumbu.

Rufaa huenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake pia Mbeya na Iringa. Sehemu kubwa ya rufaa za mauaji kutoka nyanda hizi hubishania mambo ya kawaida kabisa: je, shahidi aliweza kumtambua mtu usiku kwa mwanga wa kibatari? Je, maelezo ya kukiri polisi yalitolewa kwa hiari na ndani ya muda wa kisheria? Katika maswali madogo kama hayo ndipo uhai wa mtu unapoamuliwa.

Rufaa ikishindwa, jaji aliyesikiliza kesi hupeleka kwa Rais nakala ya mwenendo pamoja na taarifa yenye maoni yake. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, kupunguza au kubadili adhabu. Akiamua hukumu itekelezwe, husaini hati. Hati hiyo hutaja mahali na wakati wa kunyongwa, na hutoa pia maelekezo ya mahali pa kuzikia mwili. Sharti hili la mwisho halizungumzwi sana, ingawa kwa Wahehe, Wabena, Wanyakyusa na Wasafwa, ambao humzika mtu nyumbani kati ya wazee wake, huenda ndilo zito kuliko yote. Marehemu hukabidhiwa kwa serikali hata baada ya kufa.

Bila saini ya Rais hakuna mkuu wa gereza anayeweza kumnyonga mtu. Waliohukumiwa hukaa katika sehemu zao maalumu ndani ya magereza makuu. Gereza la Isanga mjini Dodoma ndilo linalojulikana zaidi kwa shughuli hiyo. Mbeya ina Gereza Kuu la Ruanda.

Kesi ya Mwamwindi

Kesi mashuhuri kuliko zote za kunyongwa katika nyanda hizi ni ya Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani mkoani Iringa. Isimani ilikuwa tarafa ya mahindi ambako tangu miaka ya 1950 wakulima kadhaa walikuwa wamefungua mashamba makubwa na kununua matrekta. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaka ardhi hiyo iwe ya vijiji vya ujamaa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliisimamia kazi hiyo kwa nguvu na kwa haraka.

Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Klerruu alifika shambani kwa Mwamwindi akamkuta akilima. Yakazuka maneno. Mwamwindi aliingia ndani, akatoka na bunduki, akampiga risasi na kumuua. Kisha aliupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa, akaliendesha mwenyewe hadi mjini Iringa na kujisalimisha polisi.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1972 na Jaji Onyiuke, Mnaijeria aliyekuwa akitumikia Mahakama Kuu ya Tanzania. Nani aliua halikuwa swali. Utetezi ulikuwa na sehemu mbili: kwamba mshtakiwa alichokozwa na kudhalilishwa kiasi cha kupoteza uwezo wa kujizuia, na kwamba wakati wa tendo akili yake haikuwa timamu. Madaktari walitoa ushahidi. Kama sehemu ya kwanza ingekubaliwa, kosa lingeshuka na kuwa kuua bila kukusudia, na adhabu isingekuwa lazima kifo. Jaji alizikataa zote mbili, akamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia na kutamka adhabu pekee iliyokuwepo. Mwamwindi alinyongwa.

Kesi hiyo bado hufundishwa katika vitivo vya sheria kwa sababu ya hoja zake juu ya uchokozi na ugonjwa wa akili. Wanahistoria huitumia kueleza mvutano wa ujamaa na wakulima. Mkoani Iringa watu wamegawanyika hadi leo: kuna wanaomkumbuka Klerruu kama kiongozi aliyekufa kazini, na chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina lake, kuna pia wanaosema Mwamwindi alisukumwa ukutani. Mtu anaweza kukubali yote mawili, lakini sheria haikumruhusu jaji kuyapima wakati wa kutoa adhabu.

Mpaka kati ya mauaji na kuua bila kukusudia

Mfano wa upande wa pili ulitokea mkoani humo miaka arobaini baadaye. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa na bomu la machozi lililofyatuliwa na polisi katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, wakati chama cha CHADEMA kikifungua tawi. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15.

Kinachotenganisha kesi hizi mbili mbele ya sheria ni kile Kanuni ya Adhabu inachokiita dhamira ovu, yaani nia ya kuua au ya kujeruhi vibaya, au kujua kwamba tendo lingeleta matokeo hayo. Dhamira ikithibitika, jaji hana hiari tena. Isipothibitika, ana uwanja mpana kuanzia kumwachia mtu kwa masharti hadi kumfunga maisha. Kwa hiyo katika kesi nyingi pande zote hubishana juu ya dhamira, na si mara chache Jamhuri hukubali mshtakiwa akiri kosa dogo.

Suala hilo hujitokeza sana Mbeya na Songwe katika mauaji yanayohusishwa na imani za uchawi. Mtu anayemkata panga mwanamke mzee akiamini amemroga mtoto wake mara nyingi huieleza mahakama imani hiyo kwa unyofu kabisa. Mahakama zimeshikilia kwamba kuamini tu hakutoshi kuwa uchokozi wa kisheria. Lazima kuwe na tendo la ghafla lililomtia mtu ghadhabu pale pale. Wengi kati ya hao huishia kwenye adhabu ya kifo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbeya ilipotikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa biashara ya kishirikina, wananchi wengi walitaka hadharani wahusika wanyongwe, na kilio kama hicho kilisikika tena wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino. Hoja ya wanaoiunga mkono adhabu hii ni hasira ya watu waliofiwa, na si haki kuipuuza.

Mjadala mahakamani

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi ya Mbushuu na mwenzake, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Alichambua njia yenyewe, akieleza kwamba kuna nyakati kunyongwa kuliharibika, askari magereza wakalazimika kumvuta mfungwa miguu au kumpiga nyundo kichwani ili afe. Aliwapa washtakiwa kifungo cha maisha. Hakuna hukumu nyingine ya Tanzania iliyoeleza kitanzi waziwazi kiasi hicho.

Rufaa iliamuliwa Januari 1995. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili, isiyo ya kibinadamu na yenye kudhalilisha. Lakini ilisema ibara ya 30(2) ya Katiba inaruhusu sheria zinazowekea haki mipaka kwa maslahi ya umma, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama inaihitaji adhabu hiyo. Adhabu ikabaki. Ni uamuzi wa ajabu kidogo kuusoma: adhabu inatajwa kuwa ya kikatili na halali katika hukumu moja.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kumwangalia mkosaji mmoja mmoja. Ilisema pia kwamba kunyongwa kunakiuka utu wa binadamu. Iliitaka Tanzania ibadili sheria yake. Siku chache kabla, Tanzania ilikuwa imejitoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo; kesi zilizokwisha kufunguliwa ziliendelea.

Njia nyingine na nchi jirani

Duniani kuna njia kadhaa zinazotambuliwa na sheria za nchi mbalimbali. Marekani ilianza kutumia kiti cha umeme mwaka 1890 na sindano ya sumu mwaka 1982, na Januari 2024 jimbo la Alabama lilimuua mfungwa kwa gesi ya naitrojeni. Uchina hutumia risasi na sindano. Saudi Arabia hukata kichwa kwa upanga. Ufaransa ilitumia gilotini hadi 1977, ikafuta adhabu ya kifo mwaka 1981. Karibu kila njia mpya ililetwa kwa madai kwamba ina huruma kuliko iliyotangulia.

Katika Afrika Mashariki kitanzi na risasi ndizo zilizozoeleka. Kenya ilinyonga kwa mara ya mwisho mwaka 1987, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu yake katika kesi ya Muruatetu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji. Uganda iliwanyonga watu 28 katika gereza la Luzira mwaka 1999. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kigula, iliondoa ulazima na kuagiza kwamba aliyekaa miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa ahesabiwe ana kifungo cha maisha, lakini haikukikataa kitanzi chenyewe. Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari mwezi Aprili 1998, kisha ikafuta adhabu hiyo mwaka 2007. Burundi iliifuta mwaka 2009.

Majirani wa karibu zaidi na Mbeya wamekwenda mbali kuliko Tanzania. Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, iliondoa ulazima kwa uamuzi wa mahakama mwaka 2007. Zambia iliifuta kabisa adhabu ya kifo katika sheria yake ya adhabu Desemba 2022. Matokeo yake ni kwamba katika mji wa mpakani wa Tunduma na Nakonde, ambako mtu huvuka barabara na kuwa nchi nyingine, kosa lile lile la kuua kwa kukusudia hubeba kitanzi upande mmoja na kifungo upande mwingine.

Hali ya sasa

Tangu utekelezaji wa mwisho wa katikati ya miaka ya 1990, Marais Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia Suluhu Hassan hawajatekeleza adhabu hiyo. Baadhi yao waliwabadilishia wafungwa mamia adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, kama alivyofanya Rais Kikwete mwaka 2006. Septemba 2017 Rais Magufuli alisema wazi, alipomwapisha Jaji Mkuu, kwamba yeye hataweza kusaini hati za kuwanyonga watu. Desemba mwaka huo huo, katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa.

Kutotekelezwa huku si sheria bali ni desturi ya marais, na rais yeyote anaweza kuivunja bila kulishauri Bunge. Wakati huohuo idadi ya wanaosubiri huongezeka, kwa kuwa hukumu mpya huingia na misamaha huja mara moja moja. Mfungwa hajui kama atanyongwa, atasamehewa au atazeekea hapo. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha hupangiwa kazi za gereza. Anayesubiri kitanzi hutengwa. Wanasheria wengine huona kusubiri huko ni adhabu ya pili ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

Mwaka 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia upya taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Taarifa yake iliyokabidhiwa Julai mwaka huo iligusa pia adhabu ya kifo. Ilipendekeza kwamba hukumu isiyotekelezwa ndani ya miaka mitatu igeuke kuwa kifungo cha maisha, pendekezo linalofanana na uamuzi wa Uganda wa 2009.